O.co: dola 350,000 kwa herufi moja na kiishio cha Kolombia

Julai 2010, kampuni ya Overstock.com ya jimbo la Utah, Marekani, ililipa dola 350,000 kununua domeni, yaani anwani ya tovuti, yenye herufi moja tu kabla ya nukta: O.co. Miezi michache baadaye nembo ikabadilishwa, matangazo ya televisheni yakatengenezwa upya, na uwanja mzima wa michezo ukabandikwa jina hilo. Kabla mwaka 2011 haujaisha, kampuni ilikuwa imeshalirudia jina lake la zamani kwa wateja wa Marekani.

Wauzaji wa domeni wanakipenda kisa hiki. Hukisimulia kwa sentensi mbili na kumalizia kwamba kila mwenye biashara anunue .com, basi. Mimi naona hukumu hiyo imetolewa kabla ushahidi haujasikilizwa. Kiishio hichohicho cha .co, katika kipindi hichohicho, kiliwafaa wengine vizuri sana na kinawafaa mpaka leo. Kwa nini basi kiliwaangusha hawa? Jibu linamhusu moja kwa moja mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Kigali aliyekaa mbele ya orodha ya .com, .co, .co.tz, .ke na .rw asijue achukue ipi.

Walichokuwa wakikikimbia

Overstock ilianza mwaka 1999 chini ya Patrick Byrne, ikiuza bidhaa zilizobaki maghalani: shehena ambazo kampuni nyingine zilishindwa kuziuza, zikiwemo zile za maduka ya mtandaoni yaliyofilisika pale homa ya intaneti ilipopoa. Jina liliendana na kazi. Mmarekani akilisikia anaelewa papo hapo kwamba hapa pana mali ya ziada kwa bei ya kutupa.

Kufikia 2010 kazi ilikuwa imebadilika. Mauzo ya mwaka yalikuwa yamevuka dola bilioni moja, na bidhaa nyingi zilikuwa mpya kabisa: samani, mashuka, mazulia, vito. Jina sasa lilikuwa linasema uongo. Mteja anayetafuta kitanda kizuri cha chumba cha wageni hafikirii kwanza duka linalojiita la mabaki. Tena kampuni ilikuwa inatazama masoko ya nje, ambako neno hilo la Kiingereza ni refu na halimwambii mtu kitu. Kwa hiyo haja ya kubadilisha jina ilikuwepo, na anayewacheka kwa kutaka kubadilika hajaisoma hesabu yao.

Walichokitaka ni herufi O peke yake. Tayari ilikuwa kwenye nembo, inatamkika katika lugha nyingi, na haina maana inayoifunga kampuni kwenye aina moja ya bidhaa. Anwani ya asili ya herufi hiyo ingekuwa O.com. Hiyo haikuwa sokoni kwa bei yoyote. Mwaka 1993 wasimamizi wa majina ya intaneti walizizuia domeni zote za herufi moja ambazo zilikuwa hazijachukuliwa. Zilizokuwa tayari na wenyewe ziliachwa, kama x.com na q.com, zilizobaki zikafungiwa, na O.com ikiwamo. Overstock iliitaka kwa miaka mingi. Ni mwaka 2019 tu ndipo bodi ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ilipoikubalia Verisign, msajili mkuu wa .com, kuitoa O.com kwa mnada kama jaribio, na hapo kisa chetu kilikuwa kimekwisha zamani.

Kolombia inafungua mlango

Herufi mbili za mwisho za domeni za nchi hutoka kwenye orodha ya kimataifa ya alama za nchi: tz kwa Tanzania, ke kwa Kenya, cd kwa Kongo ya Kinshasa. Kolombia ilipata co. Kiishio hicho kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Los Andes cha Bogotá mwaka 1991, na kwa karibu miaka 20 kilikuwa cha Wakolombia, wengi wao wakisajili chini ya .com.co.

Lakini kila aliyejua biashara ya majina aliona kilichokuwa kimekaa pale. .co ni .com iliyokosa herufi moja, na katika nchi nyingi ni kifupisho kinachojulikana cha neno kampuni. Serikali ya Kolombia ilikichukua kiishio hicho chini ya wizara yake ya mawasiliano, ikatangaza zabuni, na mwaka 2009 ikampata mwendeshaji, kampuni ya .CO Internet. Tarehe 20 Julai 2010, siku ya uhuru wa Kolombia, usajili ukafunguliwa kwa dunia nzima. Herufi moja moja zilikuwa zimetengwa ziuzwe kwa bei kubwa au zitolewe kwa majina yenye kuvuta watu: E.co ilipigwa mnada kwa dola 81,000, Twitter ikachukua t.co, na Overstock ikachukua O.co. Februari 2011 kiishio hicho kilitangazwa hadi kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na ndani ya takriban mwaka mmoja domeni zilizosajiliwa zilikuwa zimepita milioni moja.

Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa Overstock siku zile. Herufi unayoitaka imefungiwa kwenye .com. Kiishio kinachofanana na .com kuliko vyote duniani kimefunguliwa, kina kelele za matangazo, na kampuni kubwa zinakiingia. Google yenyewe inakihesabu .co kuwa cha jumla, yaani haikufungi kwenye matokeo ya utafutaji wa Kolombia tu, tofauti na .tz au .ke ambavyo huchukuliwa kuwa vimelenga nchi zake. Dola 350,000 kwa kampuni ya mauzo ya bilioni moja si fedha ya kumnyima mtu usingizi. Na mimi naamini ununuzi wenyewe haukuwa kosa. Kosa lilikuja kwenye kazi waliyoipa anwani hiyo.

Uwanja, televisheni na vidole vya watu

Mwanzoni mwa 2011 O.co ilianza kutambulishwa kama jina la kampuni. Aprili mwaka huo Overstock ilitia saini mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 7.2 wa kuupa jina uwanja wa Oakland, California, ambao wakati huo ulikuwa nyumbani kwa timu ya besiboli ya Athletics na ya mpira wa Kimarekani ya Raiders. Kwanza uliitwa Overstock.com Coliseum. Juni, miezi miwili haijafika, mabango yakabadilishwa ukawa O.co Coliseum. Matangazo ya televisheni nayo yakawa yanamwambia mtazamaji aende O.co.

Mtazamaji akaandika O.com.

Si wote, lakini ilikuwa sehemu kubwa ya wale waliokuwa wanakusudia kwenda O.co, na rais wa kampuni, Jonathan Johnson, alilisema hilo hadharani Novemba 2011 walipotangaza kurudi nyuma. Alikiri kwamba walikwenda kwa kasi mno na kwamba watu walichanganyikiwa.

Sasa fikiria mteja huyo alifikia wapi. O.com ilikuwa imefungiwa na haikuwa na tovuti yoyote. Aliyeikosea anwani hakutua hata kwa mshindani. Alipata ujumbe kwamba tovuti haipatikani. Kwa jinsi watu walivyo, wengi hawasemi "nimekosea herufi". Wanasema duka halifunguki, wanakwenda kwingine. Kila dola iliyolipiwa tangazo la televisheni ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu, inamwamsha mtu kwenye kochi, inampeleka kwenye kompyuta, halafu inampoteza hatua ya mwisho kabisa.

Dawa ya kawaida ya tatizo hili inajulikana: unanunua na ile domeni ambayo watu wataiandika kwa makosa, unaielekeza kwenye ya kweli. Overstock haikuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa O.com haikuuzwa. Hapa ndipo ningepasimamisha uamuzi wote. Walikuwa wanajenga jina la taifa zima juu ya anwani ambayo pacha wake hawamiliki na hawawezi kumpata, huku wakijua hilo tangu mwanzo, kwa kuwa walikuwa wameshaiomba O.com na kuikosa.

Haki inadai tuseme na upande mwingine. Mwaka 2011 ulikuwa mbaya kwa Overstock kwa sababu nyingine pia. Februari Google iliishusha kwenye matokeo ya utafutaji baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikitoa punguzo kwa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vikuu ili tovuti za vyuo hivyo ziweke viungo vinavyoelekea kwenye bidhaa zake. Adhabu hiyo ilidumu hadi Aprili. Mwaka ulipofungwa mauzo yalikuwa yameteremka kidogo hadi takriban dola bilioni 1.05, na kampuni ikaandika hasara ya karibu dola milioni 19 baada ya kupata faida mwaka uliotangulia. Anayekuambia kwamba hasara hiyo yote ililetwa na .co anakudanganya, na anayekuambia .co haikuhusika naye vilevile. Namba za nje hazitoshi kuvitenganisha. Kinachotosha ni kwamba wenye biashara wenyewe, waliokuwa wanaona takwimu za ndani, waliamua kurudi Overstock.com wakati tayari walikuwa wameshagharimia nembo, matangazo na uwanja. Watu hawaachi gharama za namna hiyo nyuma kwa hisia tu.

O.co ilibaki kama njia ya mkato ya kufika kwenye tovuti. Uwanja nao uliendelea kuitwa O.co Coliseum mpaka mwaka 2016, muda mrefu baada ya kampuni yenyewe kuacha kujiita hivyo kwa wateja wake.

Kwa nini t.co ilifaulu

Rudi kwa Twitter. Ilichukua kiishio hichohicho, nayo kwa herufi moja. t.co ikawa anwani inayopitiwa na viungo vyote vinavyowekwa kwenye mtandao ule. Google ikachukua g.co kwa viungo vyake vifupi, Amazon ikawa na a.co. Hakuna hata moja iliyorudishwa kwa aibu.

Tofauti ni kwamba hakuna binadamu anayeikumbuka t.co. Anaibofya. Kompyuta ndiyo iliyoiandika na kompyuta ndiyo itakayoisoma. Mtu yuko katikati na kidole chake tu. Mahali ambapo anwani inabofywa, ufupi ni faida tupu na kiishio cha nchi yoyote kinafaa. Mahali ambapo anwani inasikika redioni, inasomwa kwenye bango mtu akiwa garini, kisha inaandikwa na yeye mwenyewe saa mbili baadaye, hesabu inageuka. Hapo anwani inapita kwenye kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu haihifadhi herufi moja moja. Inashika jina, halafu kiishio inakijaza yenyewe kwa mazoea. Mazoea ya Mmarekani wa 2011 yalikuwa .com, na hakuna bajeti ya matangazo ya miezi michache inayoweza kuyafuta.

Kuna jambo la pili ambalo naliona zito zaidi, na halisemwi sana. Jina likiwa refu na la pekee, kiishio hubeba mzigo mdogo. Mtu akikosea kiishio bado anaweza kuliandika jina kwenye Google na kulipata duka. Ukilikata jina hadi herufi moja, unabaki na anwani ambayo kila kitu cha kuitambua kimo kwenye kiishio. Nani atatafuta "O" kwenye Google akategemea kupata duka la mashuka? Overstock ilichukua jina ambalo Wamarekani walilijua kwa zaidi ya miaka 10, ikaliondoa, na uzito wote ikauhamishia kwenye herufi mbili za Kolombia ambazo mteja alidhani ni .com iliyoandikwa nusu. Kiishio cha nchi kilipewa kazi ambayo hata .com isingeiweza vizuri.

Ushahidi kwamba ufupi haukuwa jibu ulikuja miaka 12 baadaye kutoka kwa kampuni ileile. Mwaka 2023 duka maarufu la vyombo vya nyumbani, Bed Bath & Beyond, lilifilisika. Overstock ikanunua jina lake na mali zake za kiakili kwa dola milioni 21.5, na Agosti mwaka huo ikaifunga Overstock.com na kuwahamishia wateja wake wa Marekani bedbathandbeyond.com. Herufi 16 kabla ya nukta. Jina la mabaki lililokuwa likiwasumbua tangu 2010 likaondoka hatimaye, kwa kununua jina refu ambalo watu walikuwa nalo kichwani tayari. Mwaka 2024 Overstock.com ilifufuliwa, safari hii kama duka la bei ya punguzo tu, yaani kazi iliyoendana na jina lake toka siku ya kwanza.

Mkondo wa makosa

Vidole vya watu kuteleza kuelekea kwenye kilichozoeleka ni jambo linalojulikana kiasi kwamba wapo waliolitegea biashara. Kamerun ina kiishio .cm, yaani .com bila o. Mwaka 2006 mfumo wake ulipangwa hivi kwamba jina lolote la .cm lisilosajiliwa lilimpeleka mtu kwenye ukurasa wa matangazo, na kila aliyeiruka ile o alikuwa anaingiza fedha kwa wenye mpango huo. Mali ina .ml, na jeshi la Marekani linatumia .mil. Mwaka 2023 ikafahamika kwamba barua pepe za kijeshi zilikuwa zimeelekezwa Mali kwa kukosewa herufi moja, zaidi ya 100,000 ndani ya nusu ya kwanza ya mwaka huo pekee, nyingine zikiwa na taarifa za matibabu na safari za maofisa.

Suala la barua pepe ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa biashara ndogo za kwetu. Mtu akiikosea tovuti atajaribu tena, au atatafuta. Akiikosea barua pepe yenye hati ya malipo au nakala ya pasipoti, na kule alikoituma kuna mwenye domeni aliyewasha sanduku la kupokea kila kinachoingia, wewe hutajua. Mteja atadhani umempuuza, na hati zake zitakuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kiishio hichohicho kikiletwa Kariakoo

Tuseme duka la vitenge la Kariakoo limepata jina zuri, limekuta .com yake imeshachukuliwa, na kijana anayetengeneza tovuti akashauri .co kwa sababu ni fupi na inaonekana ya kisasa. Kosa la Oakland litajirudia hapa, tena kwa pande mbili. Mteja wa Dar akisikia "doti ko" hasimami hapo. Sikio lake linasubiri "doti tizedi", na asipolisikia atalimalizia mwenyewe. Wa Nairobi atamalizia na ke. Mwingine atarudi kwenye .com. Kwetu .co haijawahi kuwa mwisho wa anwani, ni sehemu ya katikati: .co.tz, .co.ke, .co.ug. Kwa hiyo .co peke yake itawamwaga wateja kwenye .com na kwenye .co.tz kwa pamoja, na kama moja ya hizo ina mwenyewe, unamtangazia yeye kwa fedha yako.

Nasema hivi nikijua kwamba wateja wengi wa duka kama hilo hawaandiki anwani kabisa. Wanatoka Instagram au kwenye ujumbe wa WhatsApp, wanabofya. Kwa duka linaloishi kwa kubofywa tu, .co haina madhara makubwa, kama ilivyokuwa kwa t.co. Lakini biashara hukua. Siku itakapotaka kuuza kwa hoteli, kujaza zabuni au kutangaza redioni, anwani itaanza kupita midomoni mwa watu na kwenye karatasi, na hapo ndipo shida huanza.

Je, .co.tz? Kwa anayeuza ndani ya nchi naona ni chaguo zuri kuliko linavyopewa sifa. Linamwambia mteja uko wapi kabla hajasoma neno lolote. Google inalielewa kuwa ni la Tanzania na kulipa nafasi yake kwa anayetafuta akiwa Tanzania. Kiishio chenyewe kinasimamiwa hapahapa, Kenya ni KENIC, Rwanda ni RICTA, Tanzania ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mtu akikuchukulia jina lako una mahali pa kwenda kulalamika bila kupanda ndege. Kuna pia njia ya kusajili moja kwa moja chini ya .ke au .tz bila ile co ya katikati. Anwani inakuwa fupi, ila kwa wateja waliozoea co ya katikati itabidi usajili zote mbili.

Kwa anayeuza nje hesabu ni tofauti. Wakala wa safari wa Arusha anayetafuta wageni Ujerumani na Marekani anakutana na wateja ambao hawajawahi kuandika .co.tz maishani. Wengine watakiona kiishio hicho kuwa dalili kwamba wanazungumza na mwenyeji halisi, jambo ambalo lina thamani katika biashara ile. Wengine watakikosea. Mimi ningempa zote mbili: .com kwenye matangazo ya nje, .co.tz ikielekezwa hukohuko, na barua pepe kwenye moja tu, ileile siku zote.

Wale wanaovutiwa na kiishio cha nchi ya mbali kwa sababu kinapendeza machoni wakumbuke pia kwamba mwenye nyumba ni nchi hiyo. Mwaka 2020 Kolombia iliuandika upya mkataba wa .co, na sehemu ya mapato inayokwenda serikalini ikapanda kutoka takriban asilimia 7 hadi asilimia 81. Ni haki yao kabisa. Bei na masharti ya .co hupangwa Bogotá kwa kuangalia maslahi ya Kolombia, na mwenye duka Kariakoo hana kura pale. Nchi zenyewe nazo hubadilika. Zaire ilipokuwa tena Kongo mwaka 1997, kiishio cha .zr kilipoteza nchi yake; .cd ikaanzishwa, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wafanyabiashara wa Uingereza waliokuwa na domeni za .eu na hawana makazi wala ofisi ndani ya Umoja walizipoteza, pamoja na anwani za barua pepe walizozitumia kwa miaka.

Kabla ya kulipia, basi, fanya kile ambacho Overstock walikuwa na uwezo wa kukifanya kwa gharama ya simu chache. Mpigie mtu asiyeijua biashara yako, mtajie anwani mara moja tu kwa kasi ya kawaida, na kesho yake mwombe akutumie alichokikumbuka kwa maandishi. Rudia kwa mama yako mdogo, kwa dereva wako wa bodaboda, kwa mhasibu. Zikusanye anwani walizoziandika kwa makosa, kisha angalia kila moja ina nani. Zilizo wazi zisajili zote siku hiyohiyo na uzielekeze kwenye moja. Na kama ile inayorudiwa na wengi ina mtu tayari, anayeuza kitu kinachofanana na chako, badilisha jina lenyewe sasa, kabla hujachapisha vitabu vya risiti, kadi na bango la dukani.